INFLAMMABLE maana yake INAWAKA! Acheni kutuandikia "haishiki moto"

Wakuu, hili sasa limezidi. Dumu la thinner limeandikwa "inflammable", mtu anatafsiri "isiyoshika moto", na akisahihishwa anabisha! Inflammable ni kitu kinachoshika moto upesi. Ni sawasawa na flammable, hakuna tofauti hata chembe.

Kosa linaanzia darasani. Mwanafunzi anakaririshwa kwamba "in-" mbele ya kivumishi cha Kiingereza ni ya kukanusha: visible, invisible. Basi. Haambiwi kwamba kuna "in-" nyingine, iliyotoka kwenye kitenzi cha Kilatini inflammare, yaani kuwasha moto. Inflammable ndilo neno kongwe. Flammable limekuja baadaye, na huko Marekani chama cha kujikinga na moto, NFPA, kilianza kulihimiza miaka ya 1920 kwa sababu hii hii: watu walikuwa wanasoma kinyume. Karne nzima imepita, bado tunabishana!

Kitu kisichoshika moto ni non-flammable. Na ndugu zetu wa Congo na Burundi wawe makini zaidi, maana kwa Kifaransa inflammable ni inayowaka na ininflammable ni isiyowaka. Herufi mbili tu.

Wewe unayetafsiri lebo, tazama alama kabla ya neno. Ukiona umbo la almasi lenye ukingo mwekundu na mwali wa moto ndani, hiyo inawaka, hakuna mjadala. Kisha tafuta msimbo wa hatari kwenye lebo. H225, kama kwenye asetoni, maana yake mvuke wake unaweza kudaka cheche hata joto likiwa chini ya nyuzi 23 za Selsiasi. Mchana wa Dar ni moto kuliko hapo!

Mnajua madhara yake? Aliyeamini tafsiri yenu anaweka dumu jikoni. Kifuniko hakijakaza, mvuke unatoka, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa unatambaa sakafuni mpaka kwenye jiko la mkaa. Moto unaufuata mvuke kurudi kwenye dumu. Akimwagia maji, thinner inaelea juu ya maji ikiwaka na kusambaa.

Andikeni INASHIKA MOTO UPESI, kwa herufi kubwa, upande wa mbele wa dumu. Na viwanda vinavyoendelea kuchapa "inflammable" kwenye lebo za Kiingereza vibadilishe, viandike flammable.