Tupeane uzoefu: kuwaonyesha wazee komedi ya mapenzi ya uzeeni

MpangaViti
Kwenye uzi wa jana mtu aliuliza mbona wazee hukaa kimya kwenye komedi, eti labda mapenzi ya uzeeni yanawaonea haya. Hiyo si sababu. Kimya kingi hutokana na vitu vinavyorekebishika. Walioshughulikia maonyesho kwenye kumbi za mitaa humu Nairobi, mwageni mnachojua. Tuchukue mfano mmoja: filamu ya dakika 100, mzee wa miaka sabini na kitu anamtaka jirani yake mjane, marafiki watatu wa mjane wanajitia washenga. Watazamaji 60, ukumbi wa mabati, Jumamosi saa nne asubuhi. Nini huharibika, na kwa nini?

Fundi_wa_Luthuli
Kosa la kwanza ni kupandisha sauti. Sikio linalozeeka hupoteza kwanza sauti nyembamba: s, f, sh, t. Irabu zinabaki. Kwa hiyo mzee anasikia vizuri kabisa kwamba kuna mtu anaongea, ila "sasa", "tata" na "fafa" kwake ni neno moja. Mzaha wa komedi hukaa kwenye neno moja. Likipotea hilo, amebaki na watu wawili wanaotazamana.

Ukipandisha kila kitu, besi ya muziki inakuja nayo na anaziba masikio. Sikio hilohilo lisilosikia sauti ndogo huumizwa upesi na sauti kubwa. Dawa iko kwenye miksa, ile mashine ya kurekebisha sauti kabla haijafika kwenye spika: shusha besi desibeli 4 hadi 6, pandisha eneo la kilohezi 2 hadi 4 kwa desibeli 3 tu. Spika ziwe juu ya stendi, juu kidogo ya vichwa vya waliokaa, zote mbili mbele, pande mbili za skrini. Usiweke spika nyuma ya watu. Maneno yakitoka nyuma na midomo iko mbele, anayesaidiwa na kusoma midomo umemkata mguu.

Na ukuta wa nyuma wa saruji utundike blanketi nzito. Mwangwi hula konsonanti kuliko umri.

kondoo_wa_Jericho
Besi. Wengine hudhani wameitwa disco matanga.

MtafsiriUsiku
Sauti nusu, maandishi nusu. Maandishi ya chini kwa watazamaji wa umri huu yana hesabu zake. Mistari miwili, basi. Herufi 37 hadi 40 kwa mstari. Kasi isizidi herufi 12 kwa sekunde, kumaanisha mstari wa herufi 36 ukae sekunde 3 kamili. Kiswahili hurefuka kikitafsiri Kiingereza, kwa hiyo kata. Ukitafsiri kila "unajua" na "kwa kweli", msomaji anafika mwisho wa sentensi wakati mhusika ameshatoka mlangoni.

Linaloua kicheko zaidi ni kutanguliza jibu. Mjane anauliza, mzee ananyamaza, anakunywa chai, ndipo anajibu. Ukiweka swali na jibu kwenye maandishi ya mara moja, ukumbi unacheka wakati mzee bado ana kikombe mdomoni, halafu akijibu panakuwa kimya. Kata vipande viwili. Jibu litokee pale mdomo unapofunguka.

Pia kagua mwendo wa picha. Faili ya maandishi iliyotengenezwa kwa picha 23.976 kwa sekunde ukiiweka kwenye filamu ya picha 25, mwanzo itaonekana sawa, kisha itachelewa kidogo kidogo. Kwenye filamu ya dakika 100 itakuwa nyuma karibu dakika 4 ikifika mwisho, yaani posa inasomwa wakati watu wako harusini. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, vitufe vya G na H husogeza maandishi milisekunde 50 kila ukibonyeza, ila hiyo ni dawa ya kuchelewa kusikobadilika tu. Yanayoendelea kuteleza yatengenezwe upya nyumbani.

mama_wa_Buruburu
Hujasema vilemba. Maandishi yako ya chini, safu ya mbele ina mama watano wenye vilemba vya kitenge. Nyuma yao watu wanasoma kitambaa.

MtafsiriUsiku
Kweli. Ukingo wa chini wa skrini uwe mita 1.3 kutoka sakafuni. Ikishindikana, mipangilio ya VLC inakuruhusu kuyasukuma maandishi juu zaidi ya picha. Rangi ya manjano yenye ukingo mweusi. Nyeupe hupotea juu ya shuka za hospitali, na filamu za wazee hazikosi shuka za hospitali.

Zakayo_wa_Vibanda
Mnahangaika bure. Mzee aliyesahau miwani nyumbani atasoma nini? Nchi hii imelelewa na video za vibandani, DJ Afro anasimulia juu ya filamu na watu wanashika mbavu. Weka msimulizi mmoja na maikrofoni, toa maandishi yote.

MtafsiriUsiku
Vita na kung fu ndiyo, kwa sababu hakuna anayesubiri neno. Hapa kichekesho chenyewe ni kimya. Msimulizi huchukia kimya, atakijaza.

Zakayo_wa_Vibanda
Msimulizi mbaya atakijaza.

MtafsiriUsiku
Nionyeshe mzuri.

Fundi_wa_Luthuli
Mkimaliza kupigana, kuna onyesho moja Eastlands ambalo mafundi wa hapa mtaani bado hulitaja. Nalieleza kwa sababu kosa lenyewe hufanyika kila wiki na wengi hawajui limetoka wapi.

Vifaa vyote vilijaribiwa mapema, ila vilijaribiwa kwa sekunde kumi za gitaa la benga, kabla mwimbaji hajaingia. Gitaa likatoka safi. Watu wakakaa, taa zikashushwa, filamu ikaanza. Muziki wa kufungulia, sawa. Ndege, mbwa, lango likifunguka, vyote sawa. Kisha mzee kwenye skrini akafungua mdomo na hakikutoka kitu, ila mnong'ono wa mbali, kama mtu aliyefungiwa ndani ya tangi la maji. Mjane naye hivyo hivyo. Anacheka, hasikiki. Gari linapita nyuma yake, linasikika.

Aliyekuwa kwenye miksa akapandisha sauti. Vinanda vikanguruma, maneno yakabaki tangini. Akabadilisha spika, akabadilisha faili, akaanza kuilaumu filamu. Ikafika ile sehemu yenyewe: mzee amevaa koti, ameshika kofia mkononi, amesimama kwenye lango la jirani, anasema maneno aliyoyatafuta nusu saa nzima ya filamu. Kimya. Nyuzi za fidla tu. Shosho mmoja safu ya pili akauliza kwa sauti, "Kwani huyu ni bubu?" Wa nyuma yake akajibu, "Anamwambia amelipa ile deni ya chama." Ukumbi ukaanguka. Mjane kwenye skrini akatikisa kichwa. "Hamwamini, anataka risiti." Kuanzia hapo wakawatilia wahusika maneno mpaka mwisho, na waliotoka nje walikuwa wanapangusa machozi ya kicheko.

Sababu ni waya. Kompyuta hutoa sauti mbili, kushoto na kulia, kupitia tundu dogo. Waya ulikuwa na jeki ndogo upande mmoja, na upande wa pili jeki kubwa moja yenye pete mbili nyeusi, ukachomekwa kwenye tundu moja la miksa. Tundu lile limeundwa kuondoa makelele ya njiani: huchukua kilichoko kwenye ncha ya jeki, yaani kushoto, likapunguza humo kilichoko kwenye chuma cha kati ya pete, yaani kulia. Mazungumzo ya filamu huwa sawa kushoto na kulia, kwa hiyo moja toa moja, sifuri. Muziki na mazingira hutofautiana pande mbili, kwa hiyo hubaki.

Dawa ya dharura ni sekunde kumi: nenda kwenye mipangilio ya sauti ya kompyuta, sukuma mizani yote kushoto. Kulia kukiwa hakuna kitu, hakuna cha kutoa, maneno yanarudi. Dawa ya kudumu ni waya wenye jeki ndogo upande mmoja na jeki kubwa mbili upande wa pili, kila moja na pete moja nyeusi. Zichomeke kwenye njia mbili za miksa, moja uielekeze kushoto, nyingine kulia.

kondoo_wa_Jericho
"Anataka risiti." Sina la kuongeza.

Zakayo_wa_Vibanda
Mmeona? Wazee wenyewe wamesimulia na wamecheka kuliko filamu. Kesi imeisha.

MtafsiriUsiku
Walicheka chama chao. Filamu hawakuiona.

mama_wa_Buruburu
Nataka kuiona hiyo ya risiti kuliko ya kwenye skrini.

MpangaViti
Jamani, turudi ukumbini. Tafsiri ya "mpenzi" je? Mzee wa miaka 72 anamwitaje yule mama mbele ya watoto wake?

MtafsiriUsiku
"Mpenzi" ni neno la nyimbo. "Mchumba" tayari umeita kamati ya harusi. "Rafiki wa kike" ni Kiswahili cha fomu. Mimi huandika "rafiki yangu" na kuacha. Binti anauliza huyu ni nani, baba anasema "rafiki yangu", huku amevaa shati lililopigwa pasi. Kwa Kiswahili hapo ukumbi umeshaelewa kila kitu.

Babu_Kaloleni_rd
Mnaongea waya na herufi, lakini hamjauliza nani anakaa na nani. Busu lolote kwenye filamu, hata la shavuni, ukiwa umemkalisha mtu safu moja na mkwe wake, umewaua wote wawili. Watatazama sakafu dakika 40. Wachache watatoka wakisingizia simu.

kondoo_wa_Jericho
Wakwe wawekwe nyuma ya nguzo.

Zakayo_wa_Vibanda
Hayo ya zamani. Nairobi wakwe wanapanda matatu moja magoti yakigusana.

Babu_Kaloleni_rd
Matatu haina busu.

mama_wa_Buruburu
Ikiwa na busu, kondakta ataliongezea nauli. Mimi naona wapewe nafasi ya kuchagua kiti, usiwapange. Waache waingie taratibu dakika 30 kabla, watajipanga wenyewe vizuri kuliko wewe na karatasi yako. Lakini acha safu mbili tupu pembeni kwa watakaohama.

Na viti vya plastiki: pachika viwiliviwili, kimoja juu ya kingine. Kimoja kikiwa peke yake ni kifupi, goti bovu haliinuki, na kwenye sakafu laini miguu yake huteleza mtu akijisukuma kusimama. Viwili vikipachikwa vinapanda kidogo na havipindi. Watu 60, ukodishe viti 120, usione haya kueleza mwenye viti.

Fundi_wa_Luthuli
Vipimo vya chumba, haraka. Skrini upana mita 3, kimo kinakuwa kama mita 1.7. Mtu wa mwisho asizidi mara 6 ya kimo, yaani mita 10. Safu ya kwanza mita 3. Safu 6 za watu 10, mita moja moja kati yake, zinatosha. Projekta ya kawaida yenye uwiano wa 1.5, yaani umbali wake ni mara 1.5 ya upana wa picha, itakaa mita 4.5 kutoka skrini, yaani katikati ya watu, kwa hiyo njia ya kati iachwe hapo na waya ubandikwe sakafuni kwa tepu, urefu wote. Mwanga wa projekta uwe lumeni 3,500 kwenda juu, kwa sababu ni asubuhi na jicho la mtu wa miaka 60 huingiza kama theluthi tu ya mwanga unaoingia kwenye jicho la kijana wa 20. Halafu angalia juu: mabati ya zamani yana matundu ya misumari. Jua likipanda saa tano, kila tundu linaweka nukta kwenye skrini, mhusika anapata surua. Ziba kwa tepu siku moja kabla, saa hiyo hiyo ya jua.

Usizime taa zote. Iache moja nyuma, upande wa choo.

mama_wa_Buruburu
Choo! Wengi wana dawa za presha, na baadhi ya dawa hizo huongeza safari. Dakika 100 bila kusimama ni ukatili. *The Best Exotic Marigold Hotel*, ile ya wastaafu Waingereza waliohamia Jaipur, ni dakika 124, hiyo inataka mapumziko hata mawili. Mapumziko ni dakika 20, si 10, kwa sababu foleni ya choo kimoja haina mwendokasi. Yakatwe baada ya kicheko, kamwe yasikatwe wakati mtu yuko kwenye ambulensi. Chai isitiwe sukari jikoni. Sukari pembeni.

Sheria_kidogo
Samahani kwa kuharibu chai. Akaunti ya nyumbani ya huduma ya filamu ni ya nyumbani. Watu 60 ukumbini ni onyesho la hadhara hata bila kiingilio, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inataka ruhusa ya mwenye haki. Andikia msambazaji mapema. Filamu iwe pia na daraja la KFCB, bodi ya kupanga filamu kwa umri wa watazamaji: GE, PG, 16 au 18. Na daraja mliandike kwenye tangazo, kwa sababu wajukuu huja.

Zakayo_wa_Vibanda
Tulikuwa tunaendelea vizuri.

MpangaViti
Asante. Stima ikipotea, na mvua ikinyesha juu ya mabati?

Fundi_wa_Luthuli
Stima: projekta ya balbu ikizimika ghafla feni nayo hufa ikiwa ya moto, kwa hiyo usiirudishe papo hapo, ipe dakika kadhaa ipoe. UPS ndogo, ile betri ya akiba, itakununulia muda wa kuizima kwa adabu, si wa kumalizia filamu. Jenereta ikae nyuma ya jengo, na waya wa kigurudumu uukunjue wote hata kama unahitaji mita tano. Ukibaki umezungushwa hupata moto na kuyeyuka.

Mvua: hakuna spika inayoshinda mabati. Simamisha filamu, toa chai.

kondoo_wa_Jericho
Au waache wawatilie maneno.

mama_wa_Buruburu
Fundi, huo waya wa jeki mbili, nikifika maduka ya Luthuli niuitishe kwa jina gani? Huwa wanakupa chochote chenye jeki.

Fundi_wa_Luthuli
Usiitishe jina. Uangalie jeki kubwa: pete nyeusi moja, chukua. Pete mbili, rudisha. Halafu kabla ya kulipa, mwambie auchomeke dukani na acheze mtu anayeongea. Si gitaa.