Tupeane uzoefu: wenye lenzi za kuvuta hapa Mombasa, mmenasa nini na wapi?

Kijana wa Majengo

Salaam jamaa wote. Miezi mitatu nyuma nilinunua lenzi ya mtumba, 70-300 (inavuta kutoka milimita 70 hadi 300), kwa jirani aliyekuwa akihamia bara. Gari sina, na hela ya kwenda Tsavo ndiyo hiyo hiyo iliyoondoka na lenzi. Nilicho nacho ni roshani ya ghorofa ya tatu inayotazama mwarobaini. Nikasema haya, na tuanzie hapo hapo.

Juu ya huo mwarobaini kuna kiota cha kunguru. Miaka yote nilikiona ni rundo la vijiti tu. Siku niliyokivuta mpaka mwisho wa lenzi, nilishangaa: nusu yake ni waya. Waya za umeme zilizochunwa, henga ya nguo iliyopindwa ikazungushwa ukingoni, na mswaki wa buluu umepachikwa kati kama fundi aliupima kwanza. Mama akaja kuchungulia kwenye kioo cha kamera. Akanyamaza. Kisha akasema, "Kumbe ndio hawa wanaonimalizia vibanio vyangu."

Najua kunguru hapendwi mji huu, na ana haki ya kutopendwa. Hawa wa shingo ya kijivu asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 wasafishe taka, wakaenea pwani nzima wakila mayai na makinda ya ndege wenyeji. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwapunguza milioni moja kwa sumu. Lakini kwa anayejifunza lenzi, kunguru ni mwalimu wa bure. Hamwogopi mtu, yupo tangu alfajiri, na ule weusi wake unaichanganya kamera kwelikweli: inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, mbingu yote nyuma inaungua ikawa karatasi nyeupe.

Picha zangu mia mbili za mwanzo zote ni ukungu mtupu. Nililaumu lenzi, nikamlaumu na aliyeniuzia. Kumbe nilikuwa napiga kwa shata (kasi ya kamera kufunguka na kufunga) ya 1/125 ya sekunde. Kamera yangu ni ya sensa ndogo (kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga), kwa hiyo 300 inaona kama 450, na mkono ukitikisika kidogo tu kule mbali ni tetemeko. Siku hizi sishuki chini ya 1/500, na ndege akiruka napanda 1/1000 au zaidi hata kama ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) itapanda nayo. Afadhali picha yenye chengachenga kuliko picha iliyotikisika.

Haya, nanyi semeni. Mmepiga nini, mkiwa wapi, na mlikosea wapi? Ya Masai Mara wekeni pembeni kwanza. Nataka za hapa mjini.

Mama Mikoko

Mwanangu, umeanza vizuri. Mimi ni wa Mikindani, mwalimu mstaafu, na kamera ni zawadi ya mwanangu wa kiume aliyechoka kunisikia nikilalamika sina la kufanya. Hwenda kwenye mikoko ya Tudor, na la kwanza nililojifunza ni kwamba lenzi haikufai kitu kama huyajui maji.

Mwanzo nilikuwa nakwenda tu nikipata nafasi. Nafika, maji yamejaa mpaka kwenye matawi, hakuna cha kuona ila chupa za plastiki zinazoelea. Ndugu yangu mvuvi akanicheka. Akaniambia, dada, ngoja bamvua, zile siku maji yanapojaa sana na kupwa sana. Nikangoja bamvua, maji yakapwa kweli, matope wazi mpaka mbali. Lakini hapa kwetu siku za bamvua kupwa kwenyewe ni kama saa nne asubuhi, na saa nne jua limeshakuwa kali, kila kitu kinameremeta, picha zinatoka ngumu kama sahani ya bati. Basi sasa nawahi siku mbili tatu kabla ya bamvua. Kupwa kunaangukia saa moja, saa mbili, jua bado la upole na matope yana rangi ya kahawa.

Hapo nakaa juu ya ndoo. Nasema nakaa, sitembei. Ukitembea, wale kaa wadogo wote wanaingia mashimoni, unabaki na uwanja mtupu. Nahesabu dakika kumi bila kuinua hata mkono. Anatoka mmoja, anatoka wa pili, kisha uwanja mzima unachemka. Madume yana gando moja kubwa kupita kiasi na moja dogo la kulia chakula. Lile kubwa huliinua na kulishusha, huliinua na kulishusha, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya barabara. Nilipolivuta kwa lenzi niliona tope limekauka juu ya gando, na mstari mweupe pale ambapo tope limebanduka. Kwa macho matupu kaa huyo ni kama kifungo cha shati.

Angalizo moja: lenzi hizi za 70-300 nyingi hazishiki fokasi ukikaribia zaidi ya kama mita moja na nusu. Nilipoteza asubuhi nzima nikidhani mashine imekufa, kumbe kaa alikuwa miguuni pangu. Nikasogeza ndoo nyuma.

Tekno Bamburi

Mimi simu yangu inavuta mara 100. Hizo lenzi nzito za nini jamani 😂

Fundi wa Bondeni

Tekno, vuta mara 100 upige mswaki wa kunguru halafu utuletee tuone nywele zake. Zaidi ya kile ambacho kioo chenyewe cha simu kinafikia, simu haivuti, inakata kipande cha picha na kukipanua, kisha programu inabuni yaliyokosekana. Kuvuta kwa kweli ni vioo kusogea. Kamera kama Nikon P900 ya mwaka 2015 inavuta mara 83 kwa vioo vyake, na hiyo ni kamera ndogo tu yenye lenzi isiyobadilishika. Lakini sibishi sana, simu ya mchana kweupe kwa kitu kilicho karibu inatosha watu wengi.

Mimi nimekuja kwa lingine. Lenzi zinazoletwa kwangu, nyingi haziuawi na kuanguka, zinauawa na kuvu. Mji huu una unyevu mwaka mzima. Mtu anaiweka lenzi kwenye mkoba wa ngozi kabatini, anaitoa baada ya miezi sita, ndani kuna nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Na lenzi hizi zinazorefuka ukizivuta ni kama mvukuto: kila ukirefusha zinameza hewa, na hewa ya ufukweni ina chumvi na mchanga. Zangu nazitia kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Omba kwa wauza viatu Kongowea, watakupa bure, ila vikaushe kwanza. Mchele sikushauri, vumbi lake ni balaa.

Na msitoke chumba chenye kiyoyozi mkaanza kupiga hapo hapo. Lenzi baridi ikikutana na joto la nje inatoka jasho. Iache kwenye mkoba uliofungwa kama nusu saa izoee.

Baharia Mstaafu

Yangu ni ya mwezi. Nilitamani ile picha ya mwezi mkubwa juu ya bahari na meli inaingia Kilindini. Nikaenda Mama Ngina usiku wa kumi na nne, nikasimama karibu na mibuyu, nikangoja. Mwezi ukatoka, mashallah, mwekundu. Nikapiga. Nyumbani nikafungua: kidoti.

Nikafanya hesabu. Mwezi kwenye sensa hutoka na upana wa karibu urefu wa lenzi ugawe kwa 110. Kwa 300 ni kama milimita 2.7. Sensa yangu kimo chake ni milimita 15. Basi hata ufanyeje, mwezi hauchukui hata moja ya tano ya picha. Ule ukubwa tunaouona ukiwa chini ni macho yanatuchezea.

Kwa hiyo sitafuti tena mwezi peke yake, natafuta kitu cha kuuweka kando yake. Meli, ngalawa, hata mtu aliyekaa ukutani. Lakini tabu ya pili ikaja: mwezi umemulikwa na jua lile lile la mchana, wakati meli iko gizani. Ukiupima mwezi, meli inakuwa kivuli. Ukiipima meli, mwezi unakuwa taa. Nimehangaika na hilo zaidi ya mwaka kabla ya kutia akili: nenda usiku wa kumi na tatu, si wa kumi na nne. Siku hiyo mwezi unatoka mapema, jua halijazama, meli bado ina rangi zake, na mwezi unakaribia kutimia, hakuna atakayekuuliza upande umeenda wapi. Mwezi ukishapanda juu angani anzia tundu la lenzi f/11, ISO 200, shata 1/200, kisha rekebisha. Ukiwa chini karibu na maji ni hafifu zaidi, ongeza mwanga.

Binti wa Mji wa Kale

Naomba niseme kama mpigwaji, si mpigaji. Mwaka jana nilikuwa barazani kwetu namwosha mwanangu miguu, ametoka kucheza. Nimejifunga leso moja kifuani na nyingine kichwani, kama mtu aliye kwake. Wiki mbili baadaye jirani ananionyesha simu: mimi huyo, karibu kiasi kwamba unaona matone ya maji kwenye mkono. Sikumwona mtu. Uchochoro ulikuwa mtupu. Aliyepiga alisimama huko mwisho wa njia na lenzi kama ya Kijana.

Picha ni nzuri, sisemi uongo. Ndilo linaloniuma. Mtu akija na simu mbele yangu naweza kusema la, au nikajitanda. Huyo wa mbali amenichukulia hiyo "la" yangu. Pigeni milango ya nakshi, pigeni madirisha, pigeni paka wetu mpaka wachoke. Mtu aliye kwake mtakeni ruhusa.

Kijana wa Majengo

Dada, samahani kwa niaba ya kundi lote. Na mimi sitajifanya malaika, ninazo mbili za wazee wa bao pale mtaani nilizopiga kutoka roshani. Kesho nitawapelekea wazione, wakikataa nafuta.

Baharia Mstaafu

Mimi namsalimu mtu kwanza, tunaongea, tukizoeana ndipo napiga, na lenzi naiacha 70. Utashangaa. Uso wa mtu aliyeridhia una kitu ambacho 300 haikufikii.

Tekno Bamburi

Kwa kuwa tunakiri makosa: niliwahi kuazima lenzi ndefu ya binamu (ndiyo, nilijua mtanicheka) nikapiga meli karibu na sehemu moja yenye ulinzi, siitaji. Askari wawili wakanijia. Nilikaa nao saa mbili nikieleza kwamba mimi napenda tu meli. Picha zote nikafuta mbele yao, pamoja na za harusi ya dada yangu zilizokuwemo. Lenzi ndefu humtia mtu shaka. Bandarini, kambini, kivukoni, uliza kwanza au usiitoe kabisa mkobani.

Mwanafunzi wa Tudor

Swali. Nikipiga meli za mbali saa saba mchana zinatoka kama zimechorwa juu ya maji yanayochemka. Fokasi ni sawa, shata 1/2000. Niuze lenzi?

Mama Mikoko

Usiuze, mwanangu. Hilo ni joto. Hewa iliyo juu ya maji inacheza, na kadiri unavyovuta kutoka mbali ndivyo unavyopiga hewa nyingi zaidi. Hata lenzi ya laki tano itakutolea hivyo hivyo. Amka mapema.

Fundi wa Bondeni

Au mchana nenda Moi Avenue ukapige zile pembe za ndovu za kuundwa zilizovuka barabara, hapo umbali unakusaidia. Simama mbali kabisa barabarani, vuta 200 hivi. Zile jozi mbili za alumini zinasogeleana, na matatu na tuktuk zote zinaonekana zimerundikana chini yake kama zimemwagwa na kikapu. Tukitaka kuwa wakweli ni umbali uliosimama unaofanya hivyo, lenzi inakata tu kipande. Lakini mtu akiona picha husema, "Duh, msongamano!" Simama kando ya barabara, si katikati, nimeshawaona wenye ujasiri.

Kijana wa Majengo

Nimerudi. Wazee wa bao wameikubali picha moja, nyingine wamesema tumbo la mmoja wao limetokeza, nimeifuta.

Na leo asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, 300, 1/1000: kunguru katua ukingoni mwa kiota, kibanio cha kijani mdomoni, bado kimeshika uzi wa shuka letu. Mama anataka ichapishwe aibandike jikoni. Dada wa Mji wa Kale, huyu sikumwomba ruhusa.