Goma "umeanguka", "umetekwa" au "umekombolewa"? Maneno ya vita katika taarifa zetu za habari

Mwalimu wa Kigoma aliuliza:
Ndugu wachangiaji, ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari. Mwishoni mwa Januari 2025, wapiganaji wa M23, kundi la waasi wa Kongo, walipoingia Goma, mji wa mashariki mwa nchi hiyo, wanafunzi wangu walifuatilia habari redioni na mitandaoni, wakaniletea vitenzi vitatu kuhusu tukio hilohilo: mji umeanguka, mji umetekwa, na, kutoka kwa wafuasi wa M23, mji umekombolewa. Waliniuliza kipi ni sahihi. Niliweza kuwaeleza maana ya kila kimoja, lakini sikuweza kuwaambia mwandishi wa habari achague kipi. Ninaomba mawazo yenu.

Mhariri Mstaafu:
Mwalimu, mimi ningechagua "umetekwa", na nisingeishia hapo. "Kukombolewa" ni hukumu ya upande mmoja. "Kuanguka" nako kunaonekana hakuna ubaya, kumbe kunamficha mtendaji, kana kwamba mji ni embe lililoiva likadondoka lenyewe. Neno hilo huingia kwa sababu mtafsiri wa chumba cha habari hupokea taarifa za mashirika ya kimataifa dakika chache kabla ya kwenda hewani, akafuata kitenzi alichokikuta. "Umetekwa" kunamlazimu msomaji wa habari kusema umetekwa na nani. Hapo ndipo lilipo jambo zito zaidi: wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza katika ripoti zao kwamba jeshi la Rwanda linaisaidia M23, na Kigali inakanusha. Ukiliacha hilo, vita vinaonekana kuwa ugomvi wa Wakongo peke yao. Ukilitaja bila kusema ni nani aliyelithibitisha, msikilizaji analichukua kama uvumi.

Mama wa Goma:
Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kuhusu kitenzi, lakini kwetu sisi nomino inaumiza zaidi. Makundi yenye silaha yanayopigana upande wa serikali ya Kongo yanaitwa Wazalendo. Katika gazeti la Kifaransa hilo ni jina tu, ila kwa msikilizaji wa Kiswahili ni sifa. Mtangazaji anapotamka "Wazalendo wameingia kijijini", amekwisha kuwasifu kabla hajatueleza walichokifanya huko, na mwanakijiji aliyeporwa nao anabaki kuonekana kama mtu asiyeipenda nchi yake. Ninaomba waseme "wapiganaji wanaojulikana kwa jina la Wazalendo". Ni maneno mengi, najua, lakini ni ya haki.

Jambo la pili ni muda. Mwezi Novemba 2012 M23 waliuteka mji huu na kukaa siku kama kumi hivi. Walipoondoka, kamera nazo ziliondoka. Safari hii, wakati wachambuzi walikuwa wakijadili ramani, maji na umeme vilikuwa vimekatika, nasi tulikuwa tukichota maji ya ziwa Kivu ya kunywa. Redio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo inayotangaza kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine nne tangu 2002, hutusaidia kwa sababu wanahabari wake wanaishi miongoni mwetu.

Msomaji wa Historia:
Dada, pole sana kwa yaliyowapata. Naongeza suala la madini. Tangu M23 waliposhika Rubaya, eneo la migodi, mwaka 2024, taarifa nyingi zimevieleza vita hivi kwa neno moja, koltani, madini yanayotumika katika vifaa vya kielektroniki. Ni kweli kwamba madini hayo yanawapatia wapiganaji fedha, lakini maelezo hayo yanafuta ugomvi wa ardhi wa Masisi, karibu na Goma, sheria ya uraia ya 1981 iliyowanyima uraia wengi wa wasemaji wa Kinyarwanda, na ujio wa wakimbizi wa 1994 kutoka Rwanda, ambao miongoni mwao walikuwamo walioshiriki mauaji ya kimbari. Msikilizaji anayepewa koltani peke yake ataamini kwamba siku migodi ikifungwa vita vitakwisha.

Mwalimu wa Kigoma:
Nawashukuru nyote. Dada wa Goma, wiki ijayo nitawapa wanafunzi taarifa moja yenye neno "Wazalendo" waiandike upya kwa namna uliyoipendekeza. Ukiniruhusu, nitaweka kazi zao hapa uone kama wametenda haki.