Pikapu ya kazi ya Ford hapa Marekani: F-150, Maverick au Ranger ya zamani? Na mbona zimenenepa hivi?

Mgosi_Dallas: Wakuu, natafuta pikapu ya kubebea mbao na mashine ya kukatia nyasi. F-150 ya milango minne inakaribia mita 5.9, ila bodi yake ya nyuma ni mita 1.7 tu. Limwili lote hilo la nini? Maverick ina mita 5.07, bodi mita 1.37. Nyingine ni Ranger ndogo ya zamani. Mngechukua ipi?

Chuma_Chakavu: Lawama kwanza kwa serikali. Tangu modeli za 2011, kanuni za matumizi ya mafuta zinaangalia eneo lililo kati ya magurudumu manne. Eneo likiwa kubwa, masharti yanalegea. Sasa kampuni ihangaike na injini wakati inaweza kurefusha chasisi? Ranger ndogo ilikatwa mwishoni mwa 2011. Iliporudi 2019 ilikuwa imeshiba.

Binti_Seremala: Kanuni sawa, ila wateja hawakushikiwa bunduki. Walitaka gari lilelile lipeleke watoto shule na livute boti. Kebini ikaongezwa, bodi ikakatwa. Na faida nono iko kwenye makubwa.

Mzee_wa_Banda: Mmesahau kodi ya kuku! Ufaransa na Ujerumani Magharibi waliwabana kuku wa Marekani, Marekani ikajibu 1964 kwa ushuru wa 25% juu ya pikapu za nje. Ugomvi wa kuku ukaisha, ushuru ukabaki. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutoiona Hilux huko. Maverick iliukwepa kwa kuundwa Hermosillo, Mexico, nchi yenye mkataba wa biashara na Marekani.

Dereva_Kirikuu: Poleni. Huku Mbeya kirikuu yangu, Suzuki Carry, haifiki hata mita 3.4, sheria ya Japani ya magari madogo ndiyo inaibana, lakini bodi ni mita 1.94. Inaishinda hiyo F-150! Unafungua mbavu zote tatu, gunia la viazi unalisukuma bila kulinyanyua begani. Kilo zilizoandikwa ni 350, japo sokoni hakuna anayezisoma 😂

Mgosi_Dallas: Kirikuu naweza kuiagiza?

Chuma_Chakavu: Ikishatimiza miaka 25, ndiyo. Ila usithubutu kupanda nayo barabara kuu za Dallas, malori yatakupuliza. Chukua Maverick. Ubao wa futi 8 unalala juu ya vifuniko vya matairi ndani ya bodi, mlango wa nyuma ukiwa umesimamishwa nusu.

Binti_Seremala: Na ufunge kamba. Mbili.