Katuni kwenye mafunzo ya kazi kiwandani: zinasaidia au ni utoto?

kamuzi_sgd
Habari za saa hizi wakuu. Niko kiwanda kidogo cha kukamua alizeti huku Singida, mambo ya usalama na kufundisha vijana wapya nimetupiwa mimi. Sasa mashine ikikwama mashudu mtu anaingiza mkono au bisibisi huku mota inazunguka, tumesema mpaka basi. Muongozo upo, tumeutafsiri mpaka Kiswahili, hakuna anayesoma, kijitabu chenyewe watu wanakikalia. Nikasema tuchore katuni ya hatua kwa hatua, zima swichi kuu, piga kufuli, ufunguo weka mfukoni mwako, subiri isimame kabisa ndo usafishe. Meneja kacheka, eti hawa ni watu wazima sio chekechea. Kuna aliyewahi kujaribu?

mzee_wa_spana
Muulize meneja wako kama jeshi la Marekani nalo ni chekechea. Kuna mchora katuni anaitwa Will Eisner, tangu vita kuu ya pili alikuwa anawachorea askari namna ya kutunza magari, 1951 likaanza jarida lao la matengenezo linaitwa PS, akawa nalo miaka kama 20. Halafu Vietnam ndo usiseme, bunduki zao za M16 zilikuwa zinakwama watu wakiwa katikati ya mapigano. Sababu hazikuwa moja, baruti ilibadilishwa, chemba (pale risasi inapokaa) haikupakwa kromu, ila pia askari walikuwa wameaminishwa kwamba hiyo bunduki haihitaji kusafishwa kivile na vifaa vya kusafishia vyenyewe havikutosha. Mwaka 1968 wakatoa kijitabu cha katuni, kachora huyohuyo Eisner, kinaonyesha jinsi ya kuifungua, kuisafisha na kuitunza. (Kina utani wa kikubwa humo ndani, ukiuweka ofisini leo unaitwa kikao cha nidhamu 😂)

wino_mweusi
Mimi ndo kazi yangu hii, nachora. Mkuu wazo lako zuri ila usidhani picha kila mtu anaisoma sawa, ina sarufi yake na mtu hujifunza kama alivyojifunza herufi. Ukichora mkono peke yake bila mwili, wapo watakaosema huo umekatwa. Vile vimistari vya kuonyesha kitu kinazunguka, asiyezoea anaona nyuzi au nywele. Kiputo cha mawazo kile chenye viduara, mwingine anaona moshi. Kwa hiyo chora mtu mzima na mashine YENU, ile yenye bati lililopinda, sio picha ya mashine uliyoipakua intaneti. Visanduku vipe namba kubwa, usiweke zaidi ya vinne kwenye ukurasa, na kila kisanduku kiwe na kitendo kimoja tu, "zima na ufunge kufuli" hivyo ni viwili.

Kabla hujaprinti mpe kijana ambaye hajafundishwa, ficha maneno, mwambie nihadithie kinachoendelea hapa. Usimuulize "umeelewa?" maana hapo kila mtu ni ndiyo bosi. Anapokwama kuhadithia hapo ndo pa kuchora upya.

shifti_ya_usiku
Nyie mnachora tu 😅 mimi niulize, hao vijana wanalipwaje? Kama ni kwa gunia basi wanajua fika mkono hauingii humo, wanaingiza kwa sababu kuzima na kusubiri ni hela inapotea na msimamizi kasimama anapiga kelele. Hapo katuni ya "usiingize mkono" ni pambo la ukuta. Na jingine, msichore mzembe mwenye sura ya kuchekesha. Kwetu walichora mmoja mnene ana kipara, ndani ya wiki ile kuna jamaa akabatizwa hilo jina mpaka akaomba kuhama shifti.

kamuzi_sgd
@shifti_ya_usiku umenishika pabaya, ni kwa gunia kweli. Sasa je nikimchora na msimamizi humohumo? Yaani mashine imekwama, kijana anapiga kufuli, msimamizi anaandika kwenye daftari muda wa kukwama ili usihesabiwe kwa kijana. Ila hilo meneja inabidi akubali kwanza.

wino_mweusi
Ndo hadithi yenyewe hiyo, ichore. Ila akubali kwanza ndo uchore, ukibandika kitu ambacho ofisi haikifanyi watu hawataamini hata visanduku vingine. Na rangi usizitegemee sana, najua alama za usalama duara la bluu ni lazima, jekundu lenye mstari ni marufuku, pembetatu ya njano ni tahadhari, lakini nyie mtapiga fotokopi nyeusi nyeupe tu na vumbi la mashudu litamaliza kilichobaki. Mistari minene, karatasi ya A3, laminesheni, bandika pale pale kwenye swichi.

mzee_wa_spana
Na kufuli mnunue kwanza, kila opareta lake. Mtachora kufuli halafu stoo hakuna.