Bakuli la Kashan limenitia shaka, naomba ushauri

Salaam ndugu zangu. Nakusanya vyombo vya kale vya Uajemi, na hapa nimekwama. Muuzaji mmoja wa London ananiuzia bakuli la Kashan, mji wa Uajemi uliosifika kwa ufinyanzi, anasema ni la mwanzoni mwa karne ya 13. Lina mng'ao wa rangi ya shaba, na ndani kuna ndege wadogo waliozungukwa na maandishi. Ni zuri mno, limeninyima usingizi.

Kwa ruhusa yake nililimulika kwa taa ya urujuanimno (UV), ambayo hufichua sehemu zilizokarabatiwa. Karibu theluthi ya ukingo iling'aa tofauti. Nikapitisha pamba yenye asetoni, rangi ikatoka, chini yake plasta. Najua vyombo vingi vya Kashan vilifukuliwa vikiwa vigae, yaani vipande vilivyovunjika, kwa hiyo kuungwa si ajabu. Kinachonitisha ni maandishi: yanakatika ghafla penye ufa, kana kwamba vigae ni vya mabakuli mawili.

Je, kipimo cha umri kwa njia ya joto (kupasha kipande kidogo moto ili kujua kilichomwa lini tanuruni) kikichukuliwa sehemu moja kinatosha, au kila kigae kipimwe? Na hati za umiliki wa bakuli zinaanzia 1998 tu. Mngenunua, mkizingatia mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za kale?