RAV4 3S-FE: alama za taimingi zinahama jino moja kila nikizungusha

Kihonda_Mpya:
Wakuu, habari za jioni. RAV4 yangu ni ile ya milango mitatu, ya mwaka 1996, injini 3S-FE. Nimeamua kubadilisha mkanda wa taimingi (unaozungusha kamshafti sambamba na krenki) mwenyewe hapa uani, maana fundi wa mara ya mwisho alinikabidhi funguo pamoja na boliti mbili, eti "zimebaki". Mkanda mpya, pampu ya maji mpya, beringi zote mbili mpya. Injini nimeikalisha kwenye jeki na kipande cha mbao, kwa sababu mauntini ya kulia (inayoshikilia injini) lazima itoke.

Sasa napanga alama: krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) kwenye 0, kitundu cha puli ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) kimetazamana na alama ya kepu. Safi. Nikizungusha krenki mizunguko miwili kwa spana, kitundu kimehama jino moja. Leo ni mara ya tatu. Mama watoto ameshauliza kama kesho shule wanaenda na bodaboda.

Babu_Spana:
Pole mkuu. Mkanda umeulegeza upande usio na tenshena (beringi yenye springi inayokaza mkanda). Ukiachia tenshena inavuta ule ulegevu, na kamshafti inafuata. Rudisha tenshena nyuma, ibane kwa muda. Sogeza puli ya kamshafti kidogo kwa spana, valisha mkanda, kisha irudishe kwenye alama, ili upande ule mwingine ukaze kabisa na ulegevu wote ubaki kwa tenshena. Ndipo ulegeze boliti yake, springi ifanye kazi, uzungushe krenki mara mbili kufuata saa (usirudi nyuma hata kidogo), ndipo ukaze.

Na sili za mafuta umebadilisha? Oili ikidondokea mkanda mpya, umetupa hela.

Konda_Mstaafu:
Wewe una bahati, 3S-FE mkanda hata ukikatika valvu hazigongani na pistoni. Mimi Hiace ya dizeli, injini 5L, taa ya T-BELT (ya kukumbusha kubadilisha mkanda) iliwaka wiki nzima. Nikaibandika solotepu nyeusi. Mkanda ukakatikia Mikese na abiria kumi na wanne. Valvu zilipinda, nikarudi Moro nimekaa kwenye gunia la mkaa la watu.

Kihonda_Mpya:
Mrejesho. Babu, shikamoo! Ilikuwa hivyo hivyo. Kingine, kitundu nilikuwa nakichungulia kwa ubavu. Nimeazima kioo cha kujipodoa, nikakiinamisha pale kwenye bodi, ndipo nikaona sawasawa. Sili ya krenki ilikuwa inavuja, nimeweka mpya. Nimezungusha mara mbili, halafu mbili tena, haijahama. Imewaka kwa stata ya kwanza.

Ila kwenye sahani imebaki boliti moja ya namba 10.

Babu_Spana:
Marahaba. Hiyo ni ya kava la chini. Inama uangalie kabla hujapeleka mtoto wa mtu shule.